Nani Yuko Juu ya Panya?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa famasia. Kichwa cha ripoti yangu ni "Majaribio juu ya wanyama ya dawa mpya za kupunguza utoaji wa asidi tumboni". Mwenzangu anadai "utoaji" ni la ziada, "kupunguza asidi" yatosha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe. Hidroksidi ya magnesi hupoza asidi iliyokwisha kumwagika tumboni. Simetidini, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1976, na omeprazoli iliyokuja baadaye, huzibana seli zisiitoe. Ukifuta "utoaji" umezichanganya dawa za aina hizo mbili. Mwambie mwenzako, kisha njoni wote wawili, nina neno nanyi.

Hiyo "juu ya wanyama" mmeiokota wapi? "Jaribu" tulilipata kwa Waarabu, halina kosa. "Juu ya" hii mmeidesa kwa Waingereza. Kofia iko juu ya kabati. Dawa je? Tuchukue njia ya Harry Shay na wenzake ya mwaka 1945, ambayo bila shaka mmefundishwa. Panya hunyimwa chakula, hutiwa usingizi, hupasuliwa, na tundu la kutokea tumboni kwenda utumbo mwembamba hufungwa kwa uzi. Baada ya saa kadhaa, maji yaliyojaa tumboni hupimwa ujazo, kisha hudondoshewa hidroksidi ya sodiamu, inayoua asidi, mpaka igeuke rangi ya kiashiria, yaani kemikali iliyotiwa humo kuonyesha asidi imekwisha, ndipo ijulikane asidi ni kiasi gani. Dawa yenyewe huchomwa chini ya ngozi, au huingizwa ndani ya utumbo, ng'ambo ya fundo. Chini ya, ndani ya, ng'ambo ya! Juu ya panya hakuna kitu ila taa. Kila nisomapo "dawa ilijaribiwa juu ya panya" namwona mtafiti na koti lake jeupe kapanda mgongoni, bomba la sindano mkononi, anahangaika asidondoke.

Andika "majaribio kwa wanyama", na "kwa wanyama" isiende mbali na "majaribio". Ukiitupa mwishoni, "asidi tumboni kwa wanyama", watu watadhani unawatibu panya kiungulia.

"Utafiti juu ya asidi" nao siupendi, ila nimechoka kuupigania. Umeshaingia hadi vyuoni. "Dawa zilijaribiwa na panya" sitaizoea hata nizeeke. Huyo panya alisomea wapi famasia?