Kabla Hujampa Fundi Mlango Apulize, Mwagia Maji Kwanza

Juzi usiku dada mmoja anayenisoma alinitumia picha ya mlango wa gari lake. Baiskeli ya mwanawe ilikuwa imeegemezwa pale, ikateleza, ikaacha mistari mitatu. "Kaka, fundi anataka laki mbili na nusu apulize rangi mlango mzima. Nimpe?" Nilimjibu neno moja: subiri. Nikamwahidi kwamba yaliyobaki nitayaandika hapa, maana ni habari ambayo bado inaniuma na haimaliziki kwa ujumbe wa simu.

Mwaka 2018 nilikuwa na Corolla ya rangi ya fedha. Lilikuwa gari langu la kwanza, nililolidunduliza kwa miaka minne, nikalisubiri meli bandarini kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe. Siku moja nilitoka msibani Tabata nikakuta mstari mwembamba kwenye mlango wa dereva, urefu wake hauzidi kiganja. Usiku ule sikulala. Alfajiri nilikuwa wa kwanza kufika gereji.

Fundi hakuugusa ule mstari hata kwa kidole. Aliuangalia amesimama, mikono mfukoni, akasema, "Bosi, hapa ni msasa, puti, halafu tunapuliza mlango wote. Jioni unachukua." Nilitoa laki moja na nusu na nikashukuru. Jioni, chini ya taa ya gereji, mlango ulimeremeta kama kioo. Asubuhi jua lilipopiga ndipo nikaona: mlango umekolea, fenda imepauka, na ukipitisha kiganja unasikia chembechembe za vumbi zilizokaukia ndani ya rangi. Kabla mwaka haujaisha, sehemu ya kushikia mlango ikaanza kubanduka magamba.

Baadaye nilikuja kuelewa kwa nini. Rangi ya fedha ina vipande vidogo mno vya alumini, na jinsi vinavyolala ndivyo inavyoonekana. Upepo wa kompresa ukizidi, bomba likisogezwa karibu, au rangi ikipulizwa ikiwa majimaji sana, vinalala tofauti, hata kama rangi imechanganywa kwa namba ileile. Ndiyo maana fundi mwenye uangalifu akipuliza mlango huififisha rangi kidogo kidogo hadi kwenye fenda na mlango wa pili, macho yasione mpaka. Wangu hakufanya hivyo, na mimi sikujua hata la kuuliza.

Mwaka 2021 niliuza. Mnunuzi alikuja na rafiki yake mwenye uzoefu wa magari. Yule rafiki alizunguka mara moja tu, akainama pale mlangoni, akasema, "Hili lilipata ajali." Niliapa. Nikasimulia habari za mstari wa kiganja kimoja. Hakuna aliyeniamini. Hujui uchungu wa kumwapia mtu mzima mwenzako kwamba husemi uongo, huku mlango wako mwenyewe unakusuta. Waliniangusha milioni moja na laki mbili, nami nilikuwa na shida ya fedha, nikakubali.

Ndipo nikaanza kutafuta mtu wa kunifundisha. Huko Keko nilimpata mzee aliyepuliza magari tangu ujana wake. Nilimwamkia, nikamweleza kisa changu chote, naye hakusema kitu. Alichukua chupa ya maji ya kunywa, akamwagia boneti la gari lililokuwa pale, lenye mkwaruzo kama wangu. Mkwaruzo ukapotea. Tukakaa. Maji yalipokauka ukarudi. "Umeuona? Huo haujafika kwenye rangi. Uko kwenye klia."

Sentensi ile ina thamani kuliko laki na nusu yangu. Rangi ya gari si kitu kimoja. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, yaani rangi ya chini ya kushikisha, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa klia, tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo ndilo linalong'aa. Yote kwa pamoja unene wake ni kama karatasi moja ya daftari, na klia peke yake ni chini ya nusu ya hapo. Mkwaruzo ulioishia kwenye klia haukuondoa rangi yoyote, umechimba kamfereji tu, na mwanga ukiingia mle unatawanyika, ndiyo maana unauona mweupe. Maji yakijaza kale kamfereji, mwanga unapita sawasawa.

Jaribio la pili ni kucha. Ipitishe polepole ukikatiza mstari. Ikiteleza bila kukwama, mara nyingi ni kazi ya kusugua tu. Ikikwama, huenda umevuka klia. Ukiona weupe au kijivu cha praima, utahitaji rangi. Ukiliona bati, usikae nalo hata wiki, hasa sisi wa pwani wenye upepo wa chumvi: ondoa kutu, paka praima, kisha rangi. Bampa la plastiki halipati kutu, hilo linaweza kusubiri mwisho wa mwezi.

Na jambo hili mzee alilirudia mpaka nikalishika: rangi ya kiwandani ukishaiondoa huirudishi. Kiwandani bodi huingizwa kwenye tanuri kabla haijafungwa viti, nyaya wala plastiki, na klia huokwa kwa joto la karibu nyuzi 140 za Selsiasi. Gereji haiwezi kuliweka gari zima kwenye joto hilo. Kwa hiyo kila anayekuambia "tunapuliza upya, bosi" anakuomba uondoe kitu bora uweke pungufu.

Sasa Jumapili iliyopita. Kwenye foleni ya Mwenge bodaboda alijipenyeza kushoto kwangu, chuma chake kikapita kwenye mlango wa nyuma wa Vitz ninayotumia sasa. Mstari wa sentimita 20 hivi. Moyo uliruka, sikatai, lakini sikushuka kugombana. Nilifika nyumbani, nikaosha mlango kwa shampuu ya gari (sabuni ya unga ya nguo inaondoa nta inayolinda rangi), nikamwagia maji. Sehemu kubwa ilipotea. Ikabaki kama sentimita 3 mwishoni, kucha inakwama.

Nilisogeza gari kivulini, maana bati la moto linakausha kompaundi, ile dawa ya kusugulia, kabla hujaisugua. Msasa wa maji namba 2000 niliulowesha dakika 15, nikasugua kwa mkono mwepesi, maji yakitiririka muda wote, mwelekeo mmoja. Mlango ukawa na ukungu. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa. Kisha namba 3000, laini zaidi, kisha kompaundi kwa kitambaa laini, kisha polishi. Sikugusa kingo za mlango, kwa sababu pale klia ni nyembamba na ukizembea sekunde chache umeimaliza. Ule mstari wa sentimita 3 niliujaza rangi kwa ncha ya kijiti cha meno. Namba ya rangi nimeisoma kwenye kibati cha gari, penye herufi C/TR: yangu ni 1F7, na Kariakoo wakanichanganyia kichupa kidogo. Tabaka nyembamba tatu, kila moja ikauke, kisha klia, kisha siku kadhaa za kungoja kabla ya kusawazisha.

Gharama yote, shilingi 46,000, na vifaa vingi vimebaki. Nilimwita mke wangu aje aoneshe ulipokuwa. Alioneshea mlango wa mbele.

Nasema haya kwa fahari na siyaonei haya. Lakini nina neno pia kwetu sote. Tunajinyima miaka kununua gari, kisha tunalikabidhi kwa kijana wa kuosha ambaye kitambaa chake kilianguka mchangani dakika mbili zilizopita, na tunakaa pembeni tunaangalia simu. Watoto wanaandika "NIOSHE" kwenye vumbi la kioo na boneti, tunacheka. Kidole kile kinaburuta mchanga juu ya klia, na herufi zile zinaweza kuonekana juani hata baada ya kuosha. Simama. Sema na kijana kwa heshima, mpe kitambaa chako na ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia. Muite mwanao umweleze. Na fundi akitaka kupuliza, muulize kwanza: umepitisha kucha? Asipokuwa na jibu, washa gari uondoke.

Dawa ya meno? Inafuta ukungu mdogo, basi. Mafuta na dizeli vinaficha tu, mvua ikipita unarudi ulipokuwa.

Dada yangu, kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, osha ule mlango vizuri. Ile mistari miwili ya juu naona ina weusi, huenda ni mpira wa mpini umebaki pale, rangi yako iko salama chini yake. Wa tatu sina uhakika nao. Piga picha mlango ukiwa umelowa, na nyingine ukishakauka, unitumie zote mbili. Laki mbili na nusu ikae kwenye pochi mpaka nizione.