Nilizoea boda Dodoma, Dar hofu imerudi upya

SWALI: Shikamoo Anti. Mwaka juzi nilipata ajali ya bodaboda huku Mbezi, gari liliingia ghafla kutoka kushoto tukarushwa mtaroni, nikavunjika mkono. Baadae nikahamishiwa Dodoma kikazi na huko sikuwa na namna, nikaanza kupanda boda kidogokidogo mpaka nikawa nachati nikiwa juu ya boda kabisa. Sasa nimerudi Dar, boda ya kwanza tu, tulivyofika njia panda mikono ikalowa jasho, moyo unadunda, nikamwambia yule kaka nishushe hapahapa. Ina maana Dodoma nilijidanganya? Na hamna dawa ya kufuta hii kitu kichwani? (Mama Jay, Dar)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hukujidanganya. Shida ni kwamba wengi tunadhani hofu ikiisha ndo imefutika, wakati ubongo haufanyi hivyo, ile kumbukumbu ya ajali inabaki palepale halafu inajengwa nyingine mpya ya kwamba boda mbona haina shida, na kila ukipanda hizo mbili zinashindana. Mwanasayansi Pavlov wa Urusi aliliona hilo zamani kwa mbwa wake, aliwazoesha kutoa mate wakisikia mlio fulani kabla ya chakula, kisha akawa anapiga mlio bila kuwapa kitu mpaka mate yakakata, ila akiwaacha wapumzike halafu akaupiga tena, mate hayo! Yangekuwa yamefutika yangetokea wapi?

Inayoamsha hofu ni amigdala, kipande kidogo kilicho ndani ya ubongo, kimoja kila upande. Inayoituliza ipo mbele, nyuma ya paji la uso. Mwaka 2002 watafiti Milad na Quirk wa Puerto Rico walizoesha panya kusikia mlio unaofuatwa na shoti ya umeme, kisha wakawasikilizisha mlio mtupu mpaka wakaacha kuganda kwa woga. Kesho yake wakakuta seli za hiyo sehemu ya mbele zinachangamka mlio ukipigwa, na panya ambao seli zao zilichangamka zaidi ndo waliganda kidogo.

Sasa mambo ya Dodoma na Dar. Mwanasaikolojia Mark Bouton wa Marekani ameonyesha kwamba kumbukumbu ya utulivu inashikamana sana na mahali ilipopatikana: mtie panya hofu kwenye boksi moja, mtulize kwenye boksi lingine, ukimrudisha kwenye lile la kwanza hofu inarudi. Hipokampasi, sehemu nyingine ya ubongo, ndo inayotunza habari za mahali, kwahiyo kwa ubongo wako Dodoma ni salama na Mbezi bado ni Mbezi.

Kwahiyo zoezi inabidi lifanyike hapohapo Dar, tena kwa kubadilishabadilisha, asubuhi na jioni, dereva huyu na yule, anza na kichochoro cha mtaani kwenu kabla ya barabara kubwa. Ukishuka pale hofu ilipopanda ubongo unaondoka na somo kwamba nimepona kwa sababu nimeshuka, bora uvumilie mpaka njia panda ipite na uione kwa macho, usifumbe. (Helmeti usivue, hiyo sio woga ni akili, na kama dereva anaendesha ovyo shuka!)

Dawa ya kufuta hamna. Kuna dawa ya TB inaitwa D-cycloserine, 2004 Marekani waliwapa watu wanaoogopa urefu pamoja na mazoezi, wakafanya vizuri kuliko waliopewa vidonge hewa, ila tafiti za baadae hazikuonyesha nguvu kubwa hivyo. Na valiamu za kununua famasi usijaribu, utatulia siku hiyo ila somo linaweza lisishike, na unaweza ukashindwa kuziacha. Ukiwa unaota ajali usiku au unashindwa kutoka nyumbani, muone mwanasaikolojia, mazoezi haya yanaenda vizuri zaidi ukisimamiwa.

SWALI: Kijana wangu wa miaka minne aliumwa na mbwa, nimshike tu kwa nguvu amguse mbwa azoee? (Baba Salma, Mombasa)

JIBU: Hapana baba, utaongeza hofu. Mwanasaikolojia Mary Cover Jones mwaka 1924 alimsaidia mtoto Peter aliyeogopa sungura kwa kumuweka sungura mbali mtoto akiwa anakula kitu anachokipenda, na kumsogeza taratibu kadri alivyovumilia, mwishowe Peter akawa anamuacha sungura amng'ateng'ate vidole. Fanya hivyo na mbwa mpole wa jirani, afungwe kamba, na awe amechanjwa.