Maswali na majibu: Kazi imeisha, zaka, na "mbegu" ya laki mbili

Karibu maswali yote ya safari hii ni ya watu waliopoteza kazi. Sishangai. Tangu Serikali ihamie hapa Dodoma mji umejaa watu wa mikataba, na mikataba huisha. Tangu Marekani isitishe misaada mwanzoni mwa 2025, wa miradi nao wamejiunga na foleni.

Bwana Yesu asifiwe. Nilikuwa mhasibu msaidizi kwenye mradi wa afya, ukafungwa. Washarika wenzangu wananiambia nijichunguze nina dhambi gani. Nimejichunguza hadi nimechoka. (Nkuhungu)

Amina, kaka. Acha sasa. Mradi ukifungwa, mkurugenzi, dereva na mlinzi hutoka getini wiki hiyohiyo, Wakristo na Waislamu. Wote walitenda dhambi gani ya pamoja?

Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hizo siku saba ndizo pekee walizofanya vizuri. Walipofungua midomo wakaanza kumtafutia dhambi, na ukifika sura ya 42 utaona Mungu amewakasirikia wao, si Ayubu. Washarika wako wameziruka zile siku saba.

Bila shaka wamekutumia pia Yeremia 29:11 kwenye simu, na picha ya maua. Ni neno jema, ila usome na aya iliyo juu yake, inayosema miaka 70 ya Babeli. Halafu panda hadi aya ya 5: jengeni nyumba, pandeni bustani, mle matunda yake. Watu waliopoteza kila kitu waliandikiwa barua, na kwanza kabisa wakaambiwa wajenge na walime.

Sasa la duniani. Kama ulichangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, miezi 18 au zaidi na hukujiuzulu mwenyewe, lipo fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara, kwa miezi 6. Peleka barua yako ya kusitishiwa ajira uwaulize masharti. Nawafahamu watu waliofunga siku tatu kavu lakini hawajawahi kukanyaga ofisi ya NSSF.

Mtumishi mmoja hapa mjini ameniambia kazi zinanikataa kwa sababu ya laana ya ukoo, nipande mbegu, yaani sadaka, ya 200,000 ifunguke. Nimebakiwa na 350,000 na watoto watatu. Nitoe? (Mama, Chang'ombe)

Hapana, mama. Hata elfu mbili usitoe kwa sababu hiyo.

Nimeandika hivi mara nyingi na barua hazikomi, kwa hiyo naandika tena. Katika 2 Wafalme sura ya 4, mjane anamlilia Elisha: mume amekufa, mwenye kudai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Ana chupa moja tu ya mafuta. Nabii hakumwomba ile chupa. Alimwambia aazime vyombo kwa majirani, na vilipojaa akamwambia auze mafuta, alipe deni, kinachobaki ale yeye na wanawe. Elisha hakuchukua hata tone. Sura inayofuata Naamani anapona ukoma, anataka kumpa zawadi, Elisha anakataa. Aliyemkimbilia Naamani njiani kuomba fedha na mavazi ni Gehazi, mtumishi wa Elisha, na yeye aliishia na ukoma. Ukiombwa laki mbili ya kufungua laana, angalia vizuri uko mbele ya Elisha au Gehazi.

Atakusomea Malaki 3:10, ghala na madirisha ya mbinguni. Mwombe apandishe macho aya tano. Malaki 3:5 Mungu anasema atakuwa shahidi juu ya wamwoneao mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, na wamwoneao mjane na yatima. Sura ileile, ukurasa uleule, lakini sijawahi kusikia ikihubiriwa siku ya mavuno.

Hiyo 350,000: kodi ya nyumba kwanza, unga, na nauli ya kutafutia kazi. Mungu hatachukizwa na mama aliyelisha watoto wake. Soma 1 Timotheo 5:8 uone anachukizwa na nani.

Nitoe zaka kwenye kiinua mgongo? Na kwenye mkopo?

Mkopo si mapato, ni deni. Hauna fungu la kumi. Kiinua mgongo ni chako, amua kwa moyo wako, ukishika 2 Wakorintho 8:12: mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Tena Kumbukumbu la Torati 14:28-29 linasema zaka ya mwaka wa tatu iliwekwa malangoni ili mgeni, yatima na mjane wale washibe. Kwa hiyo inawezekana mwaka huu wewe ndiye unayetakiwa kula zaka. Muulize mhazini wako wa kanisa kama analijua hilo andiko.

Naomba niombee nipate kazi.

Barua kumi na kitu za namna hii, neno kwa neno. Hamna jina la fani, hamna mtaa, hamna umri, hata "Bwana asifiwe" hamna. Nawaombea. Lakini mkimwandikia mwajiri hivi, jibu mnalijua.

Bosi wangu ni mzee wa kanisa letu. Alinifukuza kwa mdomo, bila barua wala malipo. Wiki ya tatu hii nipo kwenye mfungo wa siku 21 nikimngoja Bwana. Mkristo anaruhusiwa kumshtaki Mkristo mwenzake? (Kongwa)

Ndugu yangu, soma hapa kwanza, mengine baadaye: shauri la kuachishwa kazi isivyo halali linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa. Umeshatumia wiki tatu. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda kwa sababu ya msingi, na sidhani "nilikuwa kwenye maombi" itakusaidia sana. Kesho asubuhi panda basi uje Dodoma mjini ujaze fomu namba moja. Unaweza kuijaza ukiwa umefunga.

Sasa andiko. 1 Wakorintho 6 Paulo anawalaumu ndugu wanaopelekana mbele ya wasio haki, ndiyo. Lakini anauliza pia kama kweli kati yao hakuna hata mwenye hekima mmoja wa kuwaamua. Basi mwandikie mchungaji wako wiki hii, umpe nafasi ya kuwa huyo mwenye hekima, na fomu iwe imeshapokelewa. Huyohuyo Paulo, haki yake ilipochezewa, alikata rufani kwa Kaisari. Na CMA haianzi kwa kuhukumu. Inaanza kwa kuwakalisha meza moja na msuluhishi, jambo ambalo kanisa lenu lingepaswa kuwa limeshalifanya.

Ujue pia unachodai, wengi hudai wasichokijua. Anayelipwa kwa mwezi hustahili taarifa ya siku 28 au malipo badala yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Siku za likizo ambazo hukuchukua, na cheti cha utumishi. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele. Wako umpigie kelele mzee wa kanisa, na anaposoma somo la kwanza Jumapili ausikie.

Mume wangu anavaa kila asubuhi na kubeba begi, anaaga anakwenda kazini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Shemeji yangu kaniambia mkataba uliisha miezi mitatu iliyopita, anashinda Nyerere Square. Hela kidogo analeta, sijui anaitoa wapi. Nimkabili vipi?

Pole sana, dada. Swali lako limenikalia siku nzima.

Usimvizie pale Nyerere Square. Usimwite mchungaji kabla hujaongea naye, na mama mkwe asijue. Mwanamume anayepiga pasi shati ili akakae kivulini hana dharau kwako; ameshindwa kupata sentensi ya kuanzia.

Eliya alipokata tamaa akalala chini ya mti akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Swali la "unafanya nini hapa" lilikuja baadaye sana. Wewe nawe pika ugali na mlenda, watoto wakishalala mwambie: najua, na bado niko na wewe. Kisha nyamaza. Aongee yeye.

Siku ya pili, si hiyo ya kwanza, uliza ile hela. Naogopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Uliza ni nani amekopesha, kadi ya benki iko kwa nani, na kama kitanda chenu au friji imeandikwa dhamana. Mithali 22:27 ilishauliza kwa nini mtu aondolewe kitanda chini yake. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji lazima awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na kibali. Asikope kwingine ili kulipa deni hilo. Andikeni madeni yote kwenye daftari moja.

Akianza kusema kuishi hakuna maana, au halali kabisa, mpeleke Mirembe, hospitali ya afya ya akili, siku hiyohiyo. Najua hapa Dodoma tunatania kwa jina hilo. Utani huo umewachelewesha watu. Ni hospitali, ina madaktari.

Nimelipwa milioni sita. Rafiki anasema tulime zabibu, Mungu amebariki ardhi ya Dodoma.

Amebariki, tena zabibu hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini mche wa leo hautakulisha Krismasi hii. Kuna shimo, samadi, nguzo, waya, maji na dawa kabla ya kichala cha kwanza. Jua mnunuzi wako kabla ya kununua mche, waulize wakulima wa Hombolo na Mpunguzi walivyohangaika na bei. Usiweke zote sita.

Kamati yetu ya huruma imekataa kusaidia vijana wasio na kazi kwa 2 Wathesalonike 3:10. Ni sahihi?

Andiko linasema mtu asiyetaka kufanya kazi. Hao mliowanyima mliwauliza kama wanataka? Kwenye Mathayo 20 watu wamesimama sokoni hadi saa kumi na moja jioni, na sababu yao ni moja: hakuna aliyetuajiri. Mwenye shamba hakuwaita wavivu. Aliwaajiri kwa ile saa moja na kuwalipa dinari kamili. Na vijana hao waambieni juu ya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, isiyo na riba. Vikundi vyao vina fungu humo. Kamati isiyo na fedha ina uwezo wa kutoa taarifa.

Mwenzangu wa kwaya amenionyesha mfumo wa mtandaoni: unaweka laki, unavuna laki tatu baada ya mwezi, ukileta watu unavuna zaidi. Kiinua mgongo changu kingezaa haraka.

Hapana. DECI, ule upatu uliofungwa na Serikali mwaka 2009, nayo ilitumia maneno hayohayo ya kupanda na kuvuna, ikapita makanisani, na ilipofungwa waumini wengi walilia. Mwambie mwenzako wa kwaya atoe alichoweka leo, kama bado kinatoka.