Jibu: Mama ameng'olewa magego mawili, shavu bado linamuuma

Pole sana kwa mama, ndugu yangu. Tafadhali asing'olewe jino la tatu kwanza. Maumivu unayoeleza, kama kupigwa shoti ya umeme, upande mmoja, sekunde chache tu, yakiamshwa na mswaki au hata upepo shavuni, kisha kimya kabisa, yanafanana mno na nyuralgia ya neva ya trijemina, yaani maumivu ya neva inayopeleka hisia za uso. Jino bovu hupwita, hukaa muda mrefu, na maji ya baridi au moto hulichokoza. Sainasi huleta uzito ukiinama, pamoja na makamasi. Je, ana ganzi usoni? Kama anayo, mwambieni daktari mapema, kipimo cha MRI (picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa sumaku) kisicheleweshwe. Muoneni daktari wa neva. Kwa kawaida huanza na kabamazepini, dawa ya kifafa inayotuliza pia maumivu ya neva, kwani parasetamoli haifui dafu hapo.