Mshipi wa kilo ngapi kwa kapi? Tazama maji kwanza

Mkuu, umeuliza mshipi (uzi wa kuvulia) wa kilo ngapi, yaani unaohimili mvuto wa kilo ngapi kabla ya kukatika, unafaa kwa samaki aina ya kapi na mfungo gani (mpangilio wa chubwi na ndoana mwishoni mwa mshipi) uanze nao, na kwamba kuna aliyekwambia ununue wa kilo 20 ili usikatike. Ushauri huo siukubali hata kidogo. Uimara wa mshipi hauchaguliwi kwa uzito wa samaki, unachaguliwa kwa hali ya maji.

Samaki akiwa majini uzito wake karibu wote unabebwa na maji. Unachopambana nacho ni nguvu za mkia, na hizo zinapunguzwa na fimbo inayopinda na breki ya rili (gurudumu la kuzungushia mshipi) inayoachia mshipi kidogo kidogo. Ndiyo maana kwenye maji ya wazi, chini pakiwa tope au mchanga, nailoni ya kilo 5 hivi, unene wa milimita 0.30, inamtoa kapi wa kilo 10 bila wasiwasi. Pakiwa na magugu, visiki au mawe makali, panda hadi kilo 7 au 8, milimita 0.35 na kuendelea, maana hapo lazima umzuie asiingie kichakani. Mshipi mnene kupita kiasi haurushiki mbali.

Kwa anayeanza ningechukua nailoni, siyo mshipi wa kusokotwa. Nailoni inavutika, kwa hiyo inameza ule mshtuko kapi anapogeuka ghafla karibu na ukingo. Wa kusokotwa hauvutiki, na ndoana huchomoka mdomoni kirahisi.

Fundo ndilo hukatika kabla ya mshipi wenyewe. Lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, ulivute polepole. Ukikaza likiwa kavu, msuguano unaichoma nailoni. Kila baada ya samaki, pitisha mita 2 za mwisho katikati ya kucha mbili. Ukihisi mkwaruzo, hata mdogo, kata kipande hicho ufunge upya.

Mfungo wa kwanza uwe wa chubwi (kile kizito cha kuzamisha chambo) inayoteleza: mshipi mkuu unapita kwenye tundu la chubwi, kisha ushanga wa kulinda fundo, kisha swiveli (kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka), kisha mshipi mfupi wa sentimita 15 hadi 25 wenye ndoana namba 8. Huo mfupi uwe dhaifu kidogo kuliko mkuu, ili ukinasa upoteze ndoana tu.

Ukishauzoea, jifunze mfungo wa unywele, uliobuniwa Uingereza na Lenny Middleton na Kevin Maddocks karibu na mwaka 1980. Chambo hakichomwi ndoanani. Kinaning'inia kwenye uzi mfupi nyuma yake. Kapi hana meno mdomoni, yako kooni, hivyo hufyonza chakula, akakionja na kukitema. Anapotema, ndoana iliyo tupu inadaka mdomo wa chini. Punje mbili laini za mahindi zinatosha.

Jambo moja silegezi: chubwi isifungwe moja kwa moja kwenye mshipi. Mshipi mkuu ukikatika, samaki lazima aweze kuachana nayo, la sivyo ataiburuta mpaka inase mahali na afe pale. Kabla ya kurusha, shika chubwi, uvute mshipi upande wa ndoana. Mshipi usipopita kwa uhuru, fungua uanze upya.

Ukitueleza chini ya maji unayovua pakoje, nitakwambia na uzito wa chubwi.