Mkenya wetu kanuna

SWALI: Anko, niko Doha, geto moja Wabongo, Wakenya na Waganda. Kwenye CHAN, ile michuano ya soka ya Afrika ya Agosti 2025, Kenya ilipotolewa na Madagascar kwa penati nikamtania jamaa yangu, akaacha sinia la pilau akaingia kulala, mpaka leo salamu tu. Nifanyeje?

JIBU: Pole mwanangu. Penati zinauma jamani, ungemwacha apoe kwanza, na usiku uleule si na sie Wabongo tukapigwa 1-0 na Morocco, kesho yake Uganda nao wakatolewa na Senegal, kwahiyo wote mliishia robo fainali. Mpikie chai, mwombe radhi mkiwa wawili. AFCON 2027 inakuja kwenye nchi zenu zote tatu, utamhitaji hapo sebuleni.