Vioo vya ghorofa: maswali yaliyobaki Jumamosi

Jumamosi iliyopita tulikaa saa nne nzima, wasanifu majengo wa hapa Lubumbashi, tukizungumza vioo na madirisha ya majengo ya biashara. Umeme ulikatika mara mbili, muda ukaisha, maswali yakabaki kwenye vikaratasi. Nayajibu hapa, mengine kwa kirefu, mengine kwa mkato.

Kijana wa Kampemba, miaka miwili tangu amalize shule: Papa, yale masomo ya bure ya watengenezaji wa vioo kwenye intaneti yana faida, au cheti chake ni karatasi tu?

Mdogo wangu, cheti kina uzito pale kinapodaiwa. Mwanachama wa AIA, chama cha wasanifu cha Marekani, anatakiwa kila mwaka apate saa 18 za mafunzo, na 12 kati ya hizo zihusu afya na usalama wa watu. Wa RIBA, chama cha wasanifu cha Uingereza, anadaiwa saa 35. Wewe utabaki na elimu yenyewe, nayo si haba. Ila anayelipia somo ndiye anayeuza kioo, na muuza samaki wa Kasenga hatakuambia samaki wake ni wa juzi. Mimi huuliza swali moja mwishoni: namba hizi zilipimwa kwa hali ya hewa ya wapi? Jibu likiwa ni mji wa theluji, naanza hesabu yangu upya.

Mama mmoja anayesimamia shantie, yaani mahali pa ujenzi, mjini: Tuliagiza vioo vya tabaka mbili vilivyofungwa Dar es Salaam. Vimefika vimevimba kama chapati. Fundi anasema vitatulia vyenyewe. Ni kweli?

Si kweli, Mama, na hili ndilo swali nililolitamani kuliko yote, kwa sababu katika masomo ya intaneti niliyofuata sikulisikia hata mara moja.

Kioo cha tabaka mbili ni chupa iliyofungwa. Hewa iliyo katikati ilifungiwa humo usawa wa bahari. Sisi tuko juu kwa zaidi ya mita 1,200, na hapa mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa kama asilimia 13. Hewa ya ndani inataka kutanuka, basi inavisukuma vioo kwenda nje. Na njiani lori lilipita Mbeya, yapata mita 1,700, kwa hiyo vioo vyako viliteseka zaidi kule kabla ya kufika mpakani Kasumbalesa. Utashangaa: vidirisha vidogo ndivyo vinavyoumia zaidi. Kioo kikubwa kinapinda kidogo na kumaliza presha, kidogo ni kigumu, hakipindi, hivyo nguvu yote inaishia kwenye gundi ya pembeni au kinapasuka.

Jipimie mwenyewe. Weka rula ndefu iliyonyooka juu ya kioo, kutoka ukingo hadi ukingo, uone mwanga unapopita. Au simama mbali asubuhi utazame kivuli cha nguzo ya umeme ndani ya kioo. Nguzo ikipinda tumbo, kioo kimevimba.

Safari ijayo mwandikie muuzaji, kabla ya kulipa, kimo cha kiwanda na kimo cha shantie. Kuna vioo vinavyowekewa kibomba chembamba cha chuma kwenye fremu ya katikati ili hewa ipumue njiani. Kinazibwa baada ya kufika, kwa maelekezo ya kiwanda. Ukichukua hivyo, usilipie gesi ya argoni, ile inayojazwa katikati ya vioo badala ya hewa, maana itatokea hukohuko kwenye kibomba. Njia nyingine ni kufungiwa vioo hapahapa mjini na karakana inayojua kukausha hewa ya ndani.

Msanifu mwenzangu, mtaa wa Golf: Mteja anataka ukuta wote wa magharibi uwe kioo cha bluu kinachong'aa. Nimwambie nini?

Mwambie aje Oktoba saa kumi jioni asimame hapo.

Kuna namba mbili kwenye karatasi ya kioo. U inaonyesha joto linavyopita kwa tofauti ya joto la hewa ya ndani na ya nje. Wanaohesabu gharama ya kupasha nyumba joto wanaililia. Sisi tunaumizwa na jua lenyewe, na namba yake ni fakta solea: sehemu ya joto la jua inayopita kwenye kioo. Kioo cheupe cha milimita 6 kinapitisha karibu 80 katika kila 100 za joto la jua. Kioo kizuri cha kuzuia jua kinaweza kushuka hadi 30 au 40. Hiyo ndiyo namba ya kulipia.

Lakini hata hicho hakitoshi upande wa magharibi, kwa kuwa jioni jua liko usoni pako, na paa la kivuli lililolala halifanyi kitu. Kaskazini ni rahisi, paa hilo linafaa: mwezi wa Juni saa sita mchana jua liko nyuzi kama 55, na mwishoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa. Magharibi panataka mabamba ya kusimama, miti, au ukuta wa matundu madogo. Wazee waliojenga mji huu miaka ya 1950 walitumia matundu na mabamba ya saruji, bila kiyoyozi. Na mkumbushe mteja kwamba kioo kinachong'aa hugeuka usiku: ofisi ikiwashwa taa, barabara nzima inaona anakula nini.

Fundi alumini, Katuba: Silikoni zote si sawa?

Inuse. Ikinuka siki, usiiguse kwenye kingo za kioo cha feyete, kile cha vioo viwili vyenye ngozi ya plastiki katikati: kingo zitaingia ukungu na kuachana. Tumia isiyonuka siki. Na tafadhali, vile vitundu vya chini ya fremu si makosa ya kiwanda. Ni vya kutolea maji. Nimefungua fremu moja Januari nikakuta maji ya vidole viwili na viluwiluwi vya mbu, kwa sababu mtu alivijaza silikoni kwa uadilifu mkubwa.

Wa Bel-Air: Kioo cha trampe, kile kilichokazwa kwa moto, kililipuka usiku peke yake, mlinzi anashutumiwa. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Ndani yake huweza kubaki chembe ndogo mno ya nikeli na salfa, ikatanuka taratibu kwa miezi au miaka. Msifagie kwanza! Tafuteni pale ufa ulipoanzia: vipande viwili vilivyoshikamana kama mbawa za kipepeo vinamtetea mlinzi. Kwa oda nyingine, omba kioo kilichopitishwa tena kwenye tanuri la kama nyuzi 260, maana vibovu vingi hulipukia kiwandani. Juu ya vichwa vya watu weka feyete.

Je, trampe inakatwa shantieni ikizidi sentimita mbili?

Hapana. Pima vizuri kabla ya kuagiza.